Mwaka 44 KK na majina yake mengine

Julius Caesar aliuawa Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, lakini hakuna aliyekuwa hai siku hiyo ambaye angeutambua mwaka huo kwa namba hiyo, kwa kuwa hesabu inayoanzia kuzaliwa kwa Kristo ilibuniwa na mtawa Dionysius Exiguus mnamo 525 BK. Kwa maoni yangu, mwandishi wa historia anayetupa namba hiyo peke yake anatunyima sehemu ya habari yenyewe.

Warumi waliutaja mwaka kwa majina ya makonsuli, yaani viongozi wakuu wawili waliokuwa madarakani. Huo ulikuwa wa Caesar, konsuli kwa mara ya tano, na Marcus Antonius. Hesabu ya tangu kuasisiwa kwa Roma, ambayo kwayo ulikuwa mwaka wa 710, ilitumiwa zaidi na wanazuoni kuliko makarani. Wagiriki waliohesabu kwa Michezo ya Olimpiki walikuwa katika mwaka wa nne wa Olimpiadi (kipindi cha miaka minne) ya 183, na Wamisri katika mwaka wa 8 wa malkia wao Kleopatra.

Hata hivyo, Babeli ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Seleuko, mfalme wa asili ya Kimakedonia aliyeitawala Babeli, alipofariki, mwanawe hakuirudisha hesabu ya miaka ya utawala kwenye moja, kama ilivyokuwa desturi mfalme mpya anapotawazwa, bali aliiendeleza. Na kwangu mimi huo ni uamuzi mkubwa kuliko wa Dionysius, kwa sababu tangu hapo mwaka uliweza kuhesabiwa bila kujali nani anatawala. Hata Waparthi, watu wa dola ya Uajemi, walipoiteka Babeli, makarani waliendelea kuiandika hesabu ya Seleuko kwenye vibao vya udongo sambamba na hesabu ya watawala wapya, hivyo siku Caesar alipochomwa visu, kwao ulikuwa mwaka wa 203 kwa hesabu ya Waparthi na pia wa 267 kwa hesabu ya Seleuko. Waliohesabu miaka hiyo ya Seleuko kwa kalenda ya Kimakedonia walikuwa tayari katika 268, maana wao walianzia karibu Oktoba 312 KK, ilhali Babeli ilianzia karibu Aprili 311 KK.

Tofauti hiyo si ndogo. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, kinachosimulia historia ya Wayahudi, kinatumia hesabu hiyohiyo ya Seleuko, na wanazuoni wamebishana kwa muda mrefu kuhusu mwanzo unaokusudiwa katika tarehe zake. Kwa hiyo vitabu vyetu vya historia vitaje kwanza mwaka kama ulivyoandikwa na wenyewe, pamoja na mwezi ulioanzia, kisha ndipo viweke namba yetu.