Je, mtwana wa Uingereza alikuwa na mapatano na bwana wake?

Wapo wanaoutetea ukabaila wa Ulaya, na hoja yao si ya kubezwa. Bwana alitoa ardhi, ulinzi na mahakama. Mtwana, yaani mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, alitoa jasho lake. Adalbero, askofu wa Laon nchini Ufaransa, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kwamba jamii ina mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi, na kila fungu linayategemea mengine. Kwa hesabu hiyo hakuna mnyonyaji wala mnyonywaji, watu wamegawana kazi tu.

Tuipime hoja hii Uingereza, ambako kumbukumbu ni nyingi. Mfalme William alipoamuru nchi iandikishwe mwaka 1086, karibu mtu mmoja katika kila kumi walioorodheshwa alikuwa mtumwa kamili. Miaka mia baadaye utumwa huo ulikuwa umefifia, akabaki mtwana: ana nyumba, ana vipande vyake vya shamba, na kwa kawaida mwanawe humrithi. Tena alikuwa na desturi. Siku za kulima shamba la bwana, kuku wa Krismasi, chakula cha wavunaji, yote yalijulikana, na bwana aliyetaka kuongeza siku aliweza kuambiwa na wazee mbele ya baraza kwamba jambo hilo halijawahi kuwako. Hapo watetezi wako sahihi.

Lakini mtwana akifa, bwana alichukua mnyama wake bora. Akimwoza binti, alilipa. Kuhama bila ruhusa, marufuku. Na akidhulumiwa, baraza la kushtakia lilikuwa la bwana yuleyule. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Hata unga ulikuwa na mwenyewe. Abasia ya St Albans, yaani nyumba ya watawa, iliwalazimisha watu kusaga nafaka kwenye vinu vyake, kwa malipo. Wenyeji wakawa wanasagia majumbani kwa mawe ya mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1330 abate, mkuu wa abasia, Richard wa Wallingford akawashinda, akayakusanya mawe yao na kuyatandaza kuwa sakafu ya chumba ndani ya abasia. Fikiria kwenda kumwona abate huku unakanyaga jiwe la mama yako! Nusu karne baadaye, katika uasi wa wakulima wa 1381, wenyeji waliing'oa sakafu ile, wakayavunja mawe na kugawana vipande. Sioni humo watu walioridhika na mapatano.

Kwangu mimi, mapatano hupimwa upepo unapogeuka. Tauni ya 1348 na 1349 iliua kati ya theluthi na nusu ya Waingereza. Mashamba yakakosa watu, na kibarua aliyenusurika akawa lulu. Kama kweli kulikuwa na makubaliano, basi sasa ilikuwa zamu yake kupandisha bei. Badala yake Sheria ya Vibarua ya 1351 ikaamuru ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni. Hapa ndipo utetezi ule unaponishinda kumeza: desturi iliheshimiwa pale tu ilipompendelea bwana, na ilipomwelemea akaiita serikali. Kisha ikaja kodi ya kichwa, na nchi ikalipuka. Tarehe 14 Juni 1381, huko Mile End karibu na London, mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliahidi kufuta utwana. Kesho yake kiongozi wa waasi, Wat Tyler, aliuawa Smithfield, na kabla ya wiki tatu kwisha ahadi ilikuwa imefutwa.

Watetezi hujibu kwamba hata hivyo utwana Uingereza ulififia wenyewe katika karne ya 15, watu wakiwa wachache na ujira ukipanda. Ni kweli nusu. Mtwana aliyetoroka usiku alipata bwana jirani mwenye shida ya wafanyakazi, asiyemuuliza maswali mengi. Mashariki ya mto Elbe, kuanzia Ujerumani, nako watu walikuwa haba, ila makabaila wa huko walikuwa na nguvu kuliko miji, na mara nyingi watawala waliwaunga mkono; uhaba uleule wakautumia kumfunga mkulima kwenye ardhi zaidi, badala ya kumwachia. Prussia ilikuja kuufuta utwana mwaka 1807, na Urusi 1861.