Utabiri wa mvua ya Eorzea: uitegemee maktaba au uandike mwenyewe?

Hali ya hewa ya Eorzea, ulimwengu wa gemu ya Final Fantasy XIV, haibahatishwi. Kila sekunde 1,400, yaani dakika 23 na sekunde 20, hesabu inayoanzia kwenye saa hutoa namba kati ya 0 na 99, kisha jedwali la kila eneo huamua. Mjini Limsa Lominsa namba iliyo chini ya 20 ni mawingu. Kuanzia 90 ni mvua. Hivyo mchezaji anayewinda samaki asiyetokea ila kwenye mvua anaweza kujua leo kwamba itanyesha lini mwezi ujao. (Gemu yenyewe ina watabiri wake, ila hawaoni mbali.)

Kazi hiyo hufanywa na maktaba ndogo za msimbo, yaani msimbo ulio tayari wa kutumiwa ndani ya programu nyingine, ambazo wachezaji huzitoa bure. Wasiozitaka huuliza: kwa nini mradi wangu uning'inie kwenye kazi ya mtu nisiyemjua, na kanuni yenyewe ya hesabu haifiki hata mistari kumi? Wana ushahidi. Machi 2016 kifurushi cha left-pad, mistari 11 tu, kiliondolewa npm, ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript, na miradi maelfu ikashindwa kujengwa.

Hata hivyo ufupi wa kanuni hii unadanganya. Ndani yake namba husogezwa biti (tarakimu za 0 na 1) 11 kushoto, ikavuka biti 32, na ziada inapaswa kutupwa. Lugha ya programu ya Python haitupi chochote, kwa kuwa namba zake kamili hazina kikomo. Anayenakili kanuni bila kulijua hilo atapata majibu ya 0 hadi 99 yanayoonekana halali kabisa, na yote hayaaminiki. Programu haitalalamika. JavaScript hutupa ziada, lakini usipoangalia itakurudishia namba hasi, na hiyo afadhali, maana kosa linaonekana.

Ukishaipatia, kanuni haichakai. Kinachochakaa ni majedwali: nyongeza za gemu, yaani Shadowbringers ya 2019, Endwalker ya 2021 na Dawntrail ya 2024, kila moja ilileta maeneo mapya yenye majedwali yake, na maktaba iliyotelekezwa haiyajui. Kwa hiyo mimi ningeiandika kanuni mwenyewe na kuipima dhidi ya anga ya gemu, halafu majedwali niyachukue kwenye maktaba inayoyaweka katika faili lake, mbali na msimbo. Mwenye maktaba akichoka, kuongeza eneo jipya ni mistari michache ya data.