Korongo wa Izumi: maji kwanza, ndipo nafaka ipunguzwe

Kila majira ya baridi, korongo zaidi ya 10,000 hushuka katika mashamba ya mpunga ya Izumi, mkoa wa Kagoshima, kusini mwa Japani. Wengi wao ni wale ambao Wajapani huwaita nabezuru: mwili wa kijivu iliyokoza, shingo nyeupe, mazalio yao Siberia na kaskazini-mashariki mwa China. Ni ndege walio hatarini kutoweka, na sehemu kubwa ya wote waliobaki duniani hulala hapo, katika mashamba machache yanayopakana. Je, waendelee kulishwa, au wapunguziwe chakula ili watawanyike?

Wanaotetea ulishaji wana historia upande wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, korongo wa Izumi hawakufika 300. Walilindwa, mashamba yakakodiwa kutoka kwa wakulima, wakamwagiwa nafaka, na kufikia mwaka 1997 walikuwa wamevuka 10,000. Nafaka hiyo humfaa mkulima pia, kwa sababu korongo aliyeshiba hahangaiki na mazao ya jirani. Nao wenyeji wanawapenda kwa dhati: wanafunzi wa sekondari huamka gizani kwenda kuwahesabu kabla hawajatawanyika kutafuta chakula. Watu wa namna hii hawaambiwi kirahisi kwamba wema wao una madhara.

Lakini madhara yapo. Katika majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, mafua ya ndege yaliua korongo zaidi ya 1,000 hapo Izumi. Ndege waliobanana usiku katika maji yaleyale wanayokunywa na kunyea huambukizana upesi, na eneo hilo lina mabanda mengi ya kuku, ambako mamia ya maelfu ya kuku walichinjwa kuzuia ugonjwa usisambae. Wanaotaka korongo watawanywe wana haki ya kuogopa. Ugonjwa mkali zaidi ukiingia hapo, hakuna kundi jingine kubwa la kutosha kufidia hasara.

Nakubaliana nao kuhusu hatari. Sikubaliani na wazo la kuanza na chakula, kwa maana kinachowafunga nabezuru Izumi si nafaka peke yake. Korongo taji tunayemjua huku Afrika Mashariki, yule wa bendera ya Uganda, ana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi, hivyo hulala mtini. Nabezuru hawezi. Hulala amesimama katika maji ya kina kifupi, ili mbweha au mbwa akisogea, mlio wa maji umwamshe. Nchini Japani mashamba mengi ya mpunga hukaa makavu baada ya mavuno. Izumi watu huyajaza maji kwa makusudi. Ukimpunguzia chakula bila kumwandalia maji kwingine, unamfukuza usiku bila kumwonyesha pa kulala.

Yashiro, mkoani Yamaguchi, ni funzo. Zamani korongo walikuja huko kwa mamia, leo ni wachache mno, na hata kuwaachilia huko korongo waliotibiwa Izumi hakujarudisha kundi. Ghuba ya Suncheon, Korea Kusini, imekwenda vizuri zaidi. Mwaka 2009 ziliondolewa nguzo za umeme 282 zilizokuwa zikiwaumiza korongo wakiruka, matope ya ghuba yenyewe yanawapa malalo, na sasa nabezuru hufika kwa maelfu.

Kwa hiyo serikali ya Japani ianze na mkulima wa nje ya Izumi. Alipwe kila mwaka, bila kukatizwa, ili aache maji shambani tangu Oktoba hadi Machi, mbali na nyaya na barabara. Korongo wakishalala huko misimu kadhaa mfululizo, hapo ndipo nafaka ya Izumi ianze kupungua, kidogo kidogo, huku hesabu ya alfajiri ikifanyika pande zote mbili.