Gunia Lililokataliwa Kibaigwa Liende Wapi?

Taja kiwanda cha ethanoli, kileo kinachotengenezwa kwa nafaka au miwa, mbele ya watu wa Dodoma, na jibu litakufikia kabla hujamaliza kusema: mkoa wenye mvua za kubahatisha utapelekaje chakula kiwandani kikawe mafuta ya magari? Wanaosema hivyo hawatungi. Mwaka 2007, Marekani ilipozidi kugeuza mahindi kuwa mafuta na bei ikapanda, watu wa Mexico waliandamana kwa sababu ya chapati zao za mahindi. Mwaka huohuo Jean Ziegler, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula, aliiita biashara hiyo jinai dhidi ya binadamu. Hapa nchini kampuni ya Sekab ya Sweden ilikuja na ndoto ya mashamba makubwa ya miwa Bagamoyo na Rufiji, ikafungasha virago 2009 bila kutoa lita moja ya ethanoli. Nyuma yake yalibaki maswali ya ardhi.

Hofu ipo basi, na ina sababu. Ila inahusu mahindi mazuri na magari. Mimi nauliza habari za kiwanda cha kugeuza mahindi mabovu kuwa spiriti, yaani ethanoli hiyohiyo ila ya hospitali na viwandani, na hayo mawili yamechanganywa kiasi kwamba la pili halijapata hata nafasi ya kusikilizwa.

La magari nilimalize haraka. Dunia inazalisha zaidi ya lita bilioni 110 za ethanoli kwa mwaka, na takribani asilimia 80 hutoka Marekani, kwenye mahindi, na Brazil, zaidi kwenye miwa. Sehemu kubwa inaishia kwenye matangi ya magari. Huko hatuna ubavu, na sioni kwa nini tujaribu. Lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli, hivyo bei yake inaburutwa na petroli. Inaburutwa na sukari pia, maana viwanda vya Brazil hutazama soko: sukari ikilipa wanatengeneza sukari, isipolipa wanatengeneza kileo. Mkulima wa Kongwa hana neno hapo.

Kinachonivuta ni ile sehemu ndogo inayobaki: spiriti ya hospitali na maabara, manukato, vanishi, wino, dawa za maji, vitakasa mikono. Mwaka 2020, vitakasa mikono vilipoadimika (mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani unataka ethanoli asilimia 80), kila nchi ilijua ghafla kama ina spiriti yake au inaomba. Sisi tunayo ya Kilombero, inayotokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Dodoma haina muwa. Ina nafaka, na sehemu ya nafaka hiyo haifai kuingia kinywani mwa mtu.

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu. Mwaka 2016, hapa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu walianza kuumwa matumbo, kuvimba na kugeuka macho ya manjano. Karibu 20 walifariki. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, na mahindi yenyewe yalikuwa ya nyumbani, yaliyolimwa na kuhifadhiwa na walewale walioyala. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyohiyo, na ingawa zuio lilifunguliwa kwa masharti baada ya siku chache, wafanyabiashara wa Kibaigwa, soko letu la nafaka wilayani Kongwa, walishajua kwamba ukungu unaweza kufunga mpaka. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi. Gunia likizidi hapo, limekataliwa.

Likishakataliwa linakwenda wapi? Kwa nadharia linateketezwa. Kwa kawaida ya dunia, mwenye gunia ana ada za shule za kulipa. Litachanganywa na jema, litasagwa kuwa chakula cha kuku, au litauzwa kwa wapika pombe ya kienyeji, kwa imani kwamba kuchacha kunaua kila kitu. Hakuui. Pombe isiyokenekwa, yaani isiyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, hubaki na sumu yake, na mnywaji anaimaliza kikombe kwa kikombe.

Kukeneka ni jambo jingine. Kila mpika gongo (sheria imemkataza, lakini elimu yake haijakatazwa) anajua kwamba kinachopanda na mvuke ni kimoja na kinachobaki chunguni ni kingine. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi. Sumukuvu haipandi nayo. Spiriti inayotoka upande wa pili ni spiriti safi, hata kama gunia lilikuwa la kijani kwa ukungu.

Ila sumu haijapotea, na kwenye hili nimekaa muda mrefu na kalamu. Tani moja ya mahindi mazuri hutoa takribani lita 400 za ethanoli. Kwa uzito, nafaka hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: kileo, hewa ya kaboni, na machicha. Sumukuvu iliyokuwa imetawanyika kwenye yote matatu sasa imekaa kwenye fungu moja. Mahindi ya mikrogramu 30 kwa kilo yatakupa machicha makavu ya kama 90. Kiwanda cha Marekani huuza machicha yake kwa wafugaji, na mapato hayo ni sehemu ya kinachokifanya kisimame. Cha kwetu kikiuza, ng'ombe atakula, sumu itapita hadi kwenye maziwa, na tutakuwa tumeizungusha mtaani ikarudi kwa mlango wa mtoto. Kwa hiyo machicha yakaushwe na kuchomwa kwenye boila ya kiwanda chenyewe, badala ya kuni. Hilo linapunguza mapato. Linapunguza pia miti inayokatwa. Hesabu ya mwekezaji lazima ianze ikijua kwamba fungu la tatu haliuzwi.

Kuna wanaosema fedha za kujengea kiwanda ziende kwenye turubai za kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa. Ziende, wala sibishi. Huko ndiko wengi wataokolewa. Lakini ukungu huu huanza shambani, hasa mmea ukipigwa na ukame, na turubai haifiki huko.

Maji? Mtambo wa kisasa hutumia kama lita tatu za maji kwa lita moja ya ethanoli. Kiwanda cha lita 10,000 kwa siku kitataka mahindi tani 25, yaani magunia 250 ya kilo mia, na maji lita 30,000: maboza matatu ya lita elfu kumi. Si kitu cha kupuuza katika mji unaotegemea visima vya Mzakwe, lakini si bahari pia. Spiriti kuvuja kwenda vilabuni kunanitisha zaidi. Itiwe kichungu kisichonyweka kabla ya kutoka getini, na wasitumie methanoli kuiharibu, kwa kuwa wapo watakaoinywa hata hivyo, na methanoli hupofusha na kuua.

Pingamizi linalonikosesha raha ni lile lile la ukame. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa sumukuvu, na ndio mwaka wa njaa. Kiwanda kitakuwa na mahindi mabovu mengi kuliko wakati wowote, na mama mwenye gunia hilo hatakuwa na jingine. Hataliuza. Atachambua, ataosha, atakoboa, atapika. Hakuna bei ya spiriti itakayomshawishi kama dukani hakuna unga. Kwake kiwanda kina maana kama kinapokea gunia bovu na kumpa jema, hata kama ni nusu gunia, kutoka ghala la hifadhi ya chakula. Na mwaka wa mavuno, ukungu ukiwa haba, mtambo utaendeshwa na nini? Nadhani na mtama uliokosa soko, na hapo wale wa "chakula kisichomwe" watakuwa na haki ya kurudi mezani.

Hata bei ina mtego. Ikiwa ya juu, mkulima ataacha kuanika, kwa sababu ubovu unalipa. Ikiwa ya chini sana, gunia litafichwa chini ya mengine kwenye lori kama sasa. Kwa makisio yangu bei inayofaa iko karibu na ile anayolipa mnunuzi wa chakula cha kuku, ikizidi kidogo tu, kwa sababu huyo ndiye mshindani wa kweli wa kiwanda. Anafika Kibaigwa jioni, wapimaji wakishaondoka, na hulipa taslimu.