Mzee akija darasani kusimulia vita: anathibitisha nini, na shule hukosea wapi

Mwanafunzi wa humanite, yaani sekondari, hapa Lubumbashi akiulizwa ni somo gani la historia lililobaki kichwani mwake, mara nyingi hataji 11 Julai 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo, wala Januari 1963, kujitenga huko kulipokoma, ijapokuwa mwalimu alizipigia mstari ubaoni. Atataja siku alipokuja mgeni: mzee aliyevua kofia, akakalia kiti cha mwalimu, akaeleza walivyojificha chini ya kitanda ndege zikipita juu ya mji. Kwa wanafunzi hoja imeishia hapo. Vita vinaposimuliwa na aliyevipitia havifanani na vile vya daftarini, kwa hiyo waitwe wageni wengi zaidi. Hoja hiyo haipuuziki. Ila kumkumbuka mgeni ni jambo moja na kuelewa alichosema ni jingine, na hapo ndipo walimu wa historia wanapoachana: wako wanaoita kila anayepatikana, na wako maprefe, wakuu wa shule, wanaofunga mlango kabisa.

Tuanze na umri, maana hesabu ndogo inaokoa aibu kubwa. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mnamo Septemba 1961, askari wa ONU (Umoja wa Mataifa) walipoanzisha hapa mjini operesheni iliyoitwa Morthor, alizaliwa 1951. Leo amepita miaka 70, na vita vile aliviona kwa macho ya mtoto. Anaweza kueleza maji yalikatika lini, duka gani lilifungwa, baba alirudi kazini Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, au hakurudi. Kwa nini Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kujitenga, au amri ya kushambulia posta ilitoka kwa nani, hayo hakuyaona. Ukimuuliza atajibu kwa heshima yako, na atajibu alichosikia redioni miaka mingi baadaye. Kwa vita vya Shaba (ndilo jina la Katanga wakati ule) vya 1977 na 1978 hali ni nafuu zaidi. Waliokuwa watu wazima Kolwezi waasi walipoingia 13 Mei 1978, hadi Wafaransa waliposhuka kwa miamvuli tarehe 19, bado wanapatikana. Waliofukuzwa au kushuhudia kufukuzwa kwa Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, 1992 na 1993 ndio wengi kuliko wote, na wengine ni wazazi wa wanafunzi wenyewe.

Vita vya Pili vya Dunia ni habari nyingine. Askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, aliyekuwa na miaka 20 pale Jenerali Gazzera wa Italia aliposalimu amri huko Saïo, Ethiopia, Julai 1941, alizaliwa 1921. Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa Juni 2022 alimvisha nishani koplo Albert Kunyuku, aliyekuwa na miaka 100, akitajwa kuwa mkongwe wa mwisho wa vita hivyo aliyebaki nchini. Kwa hiyo anayekuja darasani leo kuzungumzia 1941 ni mtoto au mjukuu. Ana thamani yake, lakini anachoshuhudia ni kile kilichosimuliwa nyumbani. Shule inayomtambulisha kama shahidi wa vita imefungua somo kwa uongo mdogo, na wanafunzi hawana njia ya kuugundua.

Desemba 1941 ndio mfano mzuri wa jinsi jambo hili linavyoweza kufundisha au kupotosha. Vita viliipandisha bei ya kila kitu Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mishahara ya Union Minière ikabaki nyuma, huku washirika wa vita wakitaka shaba na bati zaidi. Wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 askari wakafyatua risasi kwenye uwanja wa mpira ambako wagomaji walikusanyika, na idadi ya waliokufa inatofautiana mno kati ya hesabu ya serikali na kumbukumbu za watu. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale. Simulizi linalorudiwa linasema Maron, gavana Mbelgiji wa jimbo, ndiye aliyempiga risasi kwa mkono wake. Wachoraji wa mjini wa miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, waliyaweka mauaji yale kwenye turubai, na kwa familia nyingi picha ndiyo kitabu.

Sasa mgeni anasimama na kusema: Maron alimuua Mpoyi. Mwanafunzi asiyezoeshwa kuuliza ataandika hivyo na kuweka nukta. Mwingine, aliyesoma sehemu fulani kwamba ni askari waliofyatua, atanong'ona kwamba mzee anadanganya. Wote wawili wamekosa kitu. Askari wale wengi walikuwa Weusi kama wagomaji. Simulizi la familia likawaacha pembeni, likaweka bunduki mkononi mwa gavana. Hilo lenyewe ni habari: linaonyesha wafanyakazi waliona nani ndiye mwenye dhambi. Ili darasa lifike hapo lazima mwalimu awe amelifanyia kazi swali hilo kabla ya mgeni kuingia, na tena baada ya kutoka. Bila hivyo ni afadhali mgeni abaki nyumbani.

Wanaopinga wana hoja ambayo wenye shauku hawapendi kuisikia, nayo ni saa. Historia haina vipindi vingi kwa juma. Kipindi ni dakika 45 au 50. Mgeni anachelewa kwa sababu ya taksi-basi, dakika 10. Prefe anamkaribisha kwa hotuba, dakika 7 akiwa mtu wa maneno machache. Wanafunzi wanasimama, wanakaa, wanahesabiwa. Zinabaki 25, na mzee ana miaka 15 ya kusimulia kabla hajafika kwenye vita. Kengele inalia yeye bado yuko kwenye harusi ya dada yake. Juu ya hayo Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ina maswali ya kuchagua jibu, na hakuna jibu linaloitwa "kadiri alivyosema mzee". Inspekta akifungua jurnali ya darasa akakuta neno "mgeni" tu, bila lengo wala swali la tathmini, atauliza, na atakuwa na haki. Kwangu hoja hii ni sahihi kuhusu saa na si sahihi kuhusu hitimisho. Inachodai ni mgeni mmoja kwa mwaka, vipindi viwili vilivyounganishwa, katikati ya mwaka. Mwishoni mwa mwaka kila mtu anakimbizana na programu.

Hatari kubwa kuliko zote ni uteuzi. Lubumbashi ina kumbukumbu zaidi ya moja ya kujitenga kwa Katanga. Kuna nyumba zinazokumbuka bendera yenye misalaba midogo, mishahara iliyolipwa kwa wakati, na ndege za ONU zikipiga mji. Kuna nyumba zinazokumbuka mwaka huohuo wa 1961 kama kambi ya wakimbizi Waluba, makumi ya maelfu ya watu chini ya mahema na majani pembezoni mwa mji, wakiogopa majandarme, askari wa serikali ya Katanga. Wote wanasema kweli. Ukimwita mmoja tu umekwisha kuchagua historia gani wanafunzi 50 watakwenda nayo nyumbani, na hukumwambia mtu. Wengine hutatua tatizo kwa kuwaita wawili siku moja. Nalikataa hilo. Wazee wawili mbele ya watoto hawatazungumza na darasa. Watajibizana wao kwa wao, au, jambo linalotokea zaidi, kila mmoja atapunguza alichonacho ili asimkwaze mwenzake, na mtabaki na "tuliteseka wote". Afadhali majuma mawili tofauti, maswali yaleyale, daftari lilelile.

Kwa 1992 uzito unaongezeka, kwa sababu darasani mna watoto wa pande zote na majina yao yanajulikana. Hata hivyo hapa ndipo shahidi anapohitajika zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya uchunguzi wa uhalifu Kongo, iliyotolewa 1 Oktoba 2010 na kuorodhesha matukio 617, inaanza Machi 1993. Fujo za Shaba zilianza Agosti 1992, baada ya Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuchaguliwa waziri mkuu. Familia zilizokaa kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni ya Kasai katika miezi ile ya mwanzo ziko nje ya tarehe za ripoti. Kuna pengo ambalo mtu mzima wa kata yenu anaweza kulijaza: nani alikuja kugonga mlango, walipewa muda gani, walibeba nini, jirani gani aliwaficha. Swali la nani alipanga liachwe kwa nyaraka. Mgeni akianza kutaja majina ya walio hai, mwalimu amkatize kwa upole. Ndiyo maana lazima wawe wamekubaliana mapema.

Makubaliano hayo hufanyika nyumbani kwa mgeni, juma moja kabla. Mwalimu aende mwenyewe, asimtume mwanafunzi. Asikilize simulizi zima, hata likichukua saa mbili, kisha wachague pamoja tukio moja la dakika 20. Amuulize wazi: jambo gani hutaki kuulizwa? Amwambie kuna wanafunzi wangapi na wana umri gani. Nauli ya kwenda na kurudi ilipwe, na soda iwepo. Bahasha ya kulipia simulizi isiwepo, na sisemi hivyo kwa ubahili: mtu anayelipwa kwa kusimulia ataitwa na shule ya pili na ya tatu, na ufikapo mwaka wa tatu simulizi limenyooka kama hotuba. Vile vitu vidogo, visivyopangika, ambavyo ndivyo tulivyomwitia, vimekwisha kudondoka.

Darasani, siku moja kabla, wanafunzi wagawe ukurasa safu tatu: aliyoona, aliyosikia, anayofikiri. Kila mmoja aandike swali moja kwenye karatasi. Mwalimu akusanye, achuje, abaki na maswali 8 au 9. Maswali ya "ulijisikiaje" yaondolewe karibu yote, kwa kuwa yanamlazimisha mgeni ama kulia ama kusema uongo. Maswali ya "ulikuwa umesimama wapi" na "nani alikuambia hivyo" yatangulie. Wanafunzi waambiwe mapema kwamba yeyote anaweza kutoka bila kuomba ruhusa, na kiti cha karibu na mlango aachiwe yule ambaye mwalimu anajua nyumbani kwao kuna msiba wa aina hiyo. Kipindi kinachofuata, safu zisomwe. Kwa kawaida safu ya kwanza ni fupi kuliko walivyotarajia, na mshangao huo ndio somo.

Lugha pia huharibu kazi kimyakimya. Mzee anasimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, daftari linaandikwa kwa Kifaransa. Mzee akisema "vita ya ONU", mwanafunzi anaandika jina la operesheni alilolipata kitabuni, na tayari mwezi Septemba 1961 umechanganywa na Desemba, au na mapigano ya mwisho yaliyoanza 28 Desemba 1962. Safu ya kwanza iandikwe kwa maneno yaleyale aliyoyatumia, Kiswahili chake kilekile. Kifaransa kije baadaye.

Kuna wageni ambao singewaita kwa sharti lolote. Askari mwenye sare ni mmoja: wavulana wa miaka 16 hawasikii historia, wanaona bunduki na mshahara. Mwanasiasa mwenye kiti cha kutafuta ni wa pili. Manusura wa ubakaji wa vita ni suala jingine, la heshima kabisa: darasa la watu 50 wenye simu si mahali pa kumweka mtu huyo. Sheria ya 26 Desemba 2022 kuhusu ulinzi na fidia kwa manusura hao inaweza kufundishwa na mwanasheria akiwa na maandishi mkononi. Na mkutano wa shule nzima uani, kipaza sauti kikikwaruza, ni sherehe tu. Hakuna anayeuliza swali mbele ya watu 600.

Palipokosekana mgeni mahali panaweza kufanya kazi. Shilatembo, kwenye njia ya Likasi, ambako Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa usiku wa 17 Januari 1961, ni safari ya siku moja kwa basi. Hapahapa mjini kuna jumba la makumbusho. Kumbukumbu ya kitaifa ya wahanga wa vita, 2 Agosti, haisaidii shule kwa sababu rahisi: watoto wako likizo.

Jambo la mwisho ni simu. Simulizi likirekodiwa na wanafunzi saa nne asubuhi, jioni liko WhatsApp, limekatwa sekunde 40, pengine zile ambazo mzee alitaja kabila. Irekodi simu moja, ya mwalimu, na kama mgeni amekubali tu. Nakala ipewe familia yake. Daftari zibaki kabatini. Darasa la mwaka unaofuata lipewe safu ya pili peke yake, ile ya aliyosikia, bila jina la mzee, litafute kila jambo kwenye chanzo kingine: gazeti, ripoti, picha, nyumba ya jirani. Hiyo ni kazi ya muhula mzima, na hakuna mtu aliyetolewa nyumbani kwake.