Njia ya Mafuta, Sifa za Mackenzie

Magharibi mwa Kanada kuna njia ya miguu yenye majina mawili. Moja ni la Alexander Mackenzie, Mskoti aliyeifuata mwaka 1793 hadi bahari ya Pasifiki. La pili linawataja Wanuxalk wa pwani, Wadakelh wa bara, na mafuta ya samaki. Lipi litangulie? Wengine wanaona ni ubishi wa vibao tu. Mimi sioni hivyo.

Mafuta hayo ni ya yulakoni, samaki wa urefu wa shibiri hivi, anayepanda mitoni majira ya baridi yakielekea ukingoni na akiba za chakula zimekwisha. Amejaa mafuta kiasi kwamba akikaushwa na kuwashwa, huwaka kama mshumaa. Huvuliwa kwa nyavu, akaachwa shimoni siku kadhaa aive (yaani aanze kuoza, tusifichane), kisha akatiwa kwenye maji ya moto, ambayo zamani yalichemshwa kwa kutumbukiza mawe yaliyotoka motoni. Mafuta yanapanda juu, yanaenguliwa, yanachujwa. Penye baridi huganda kama samli. Yalitiwa katika masanduku ya mwerezi, yakabebwa mgongoni kupandisha milima; manyoya, ngozi na nyama kavu vikateremka pwani. Kwetu sifa, yaani mafuta ya papa, tunapaka vyombo vya baharini, na harufu yake hatuitaki mezani. Kule mafuta ya samaki ni kitoweo, dawa, na zawadi ya karamu kubwa.

Wanaomtetea Mackenzie hawakosi hoja. Aliandika shajara, na kwa shajara hiyo ulimwengu wa nje ukaijua njia. Tena, mafuta hayakuwa bidhaa pekee: obsidiani, jiwe jeusi la volkano linalochongwa visu, lilisafirishwa kati ya bara na pwani kwa maelfu ya miaka. Kwa nini basi mafuta ndiyo yabebe jina?

Kwa sababu jiwe linangoja, samaki hangoji. Yulakoni huja mara moja kwa mwaka, tena katika mito michache. Mwenye mto alishika mlango wa biashara. Wahaida, watu wa visiwani, walivuka bahari kwenda kuyatafuta mafuta ya mto Nass. Na njia zilikuwa na wenyewe. Mwaka 1852 Watlingit wa Chilkat, watu wengine wa pwani hiyo waliozishika njia za kaskazini kuelekea Yukon, waliivamia na kuipora Fort Selkirk, kituo cha Kampuni ya Hudson's Bay, kampuni ya Waingereza ya biashara ya manyoya, kilichokuwa kikiwaharibia soko.

Mackenzie mwenyewe alikuwa akiteremka mto Fraser. Wenyeji ndio waliomwambia aachane nao, akate nchi kavu kuelekea magharibi. Akatembea wiki mbili hivi, akipokezanwa na waongozaji, kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa.

Jina la mafuta nalo lina uchungu wake. Mto Bella Coola, mwisho wa njia hiyo, uliishiwa yulakoni mwishoni mwa miaka ya 1990, na Wanuxalk wengi wanazilaumu meli zinazovua uduvi kwa nyavu za kukokota, ambazo humzoa samaki huyo baharini kabla hajafika mtoni.

Pale pwani Mackenzie aliacha alama juu ya mwamba: jina lake, kwamba ametoka Kanada kwa nchi kavu, na tarehe, 22 Julai 1793. Kwa maelezo ya shajara yake mwenyewe, aliyaandika hayo kwa rangi nyekundu iliyokorogwa katika mafuta.