Tuache kuzisoma sai-fai za zamani kama utabiri

Kila nikimwambia mtu kwamba nasoma riwaya ya sai-fai (hadithi za kubuni za kisayansi) ya miaka mia iliyopita, swali la kwanza huwa ni lile lile: huyo mwandishi alitabiri nini, na je, alipatia? Kana kwamba kitabu ni karatasi ya mtihani na sisi wa leo ndo tumeshika kalamu nyekundu tunasahihisha. Na mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilizisoma hivyo hivyo, natafuta simu, natafuta kompyuta, nikikuta kitu kinachofanana na cha leo nafurahi, nisipokikuta naona mwandishi kachemka. Siku hizi naona nilikuwa nazivunjia heshima hizi riwaya, alafu mbaya zaidi nilikuwa naruka sehemu tamu.

Mimi sio mtaalamu wa fasihi, ni msomaji tu anayependa stori nzuri usiku akiwa ametulia, kwahiyo chukua haya kama maoni ya msomaji.

Nianze na Jules Verne maana yeye ndo anatajwa sana kwenye haya mambo ya utabiri. Kwenye From the Earth to the Moon, ya mwaka 1865, anawarusha watu watatu kwenda mwezini kutokea Florida, na 1969 kweli Apollo 11 ikaondoka Florida hiyo hiyo ikiwa na watu watatu, basi hapo watu wanapiga makofi. Sawa. Ila Verne aliwarusha kwa mzinga, bomba la karibu mita 270 lililochimbiwa ardhini, na binadamu akifyatuliwa kwa kasi ile ndani ya bomba fupi namna ile anapondeka kabla hajaliona anga. Sasa umepata nini hapo, amepatia nusu amekosea nusu, na kitabu chenyewe bado hujakigusa. Chenyewe kinahusu wataalamu wa mizinga wa Marekani waliokosa kazi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha, wengine wamepoteza mikono, wengine miguu, na bado wamekaa klabuni wananung'unika kwamba amani imewaharibia mambo. Mwezi kwao ni pa kuelekeza mzinga tu kwa sababu hakuna adui wa kumpiga. Hiyo ndo sehemu iliyonikaa kichwani, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia ipo.

(Na ile riwaya yake nyingine ya kusafiri ligi 20,000 chini ya bahari, ligi ikiwa kipimo cha zamani cha umbali, nilidhani miaka yote ni kina cha maji. Kumbe ni umbali waliosafiri wakiwa ndani ya nyambizi, kama kilomita 80,000, kuizunguka dunia mara mbili. Orodha za samaki mle ndani zirukeni bila aibu, Kapteni Nemo mwenye nyambizi anatosha.)

Kitabu kilichonibadilisha kabisa ni Frankenstein. Kilitoka 1818 bila jina la mwandishi kwenye jalada. Mary Shelley alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 18 tu, kando ya ziwa Geneva huko Uswisi, kwenye kiangazi ambacho hakikuwa kiangazi, mvua na baridi kila siku, kwa sababu mwaka mmoja nyuma volkano ya Tambora ilikuwa imelipuka huko Indonesia na vumbi lake likafifisha jua mpaka Ulaya. Wengi tunakijua kupitia picha za lile jitu la kijani lenye misumari shingoni, linatembea limenyoosha mikono na haliongei. Kwenye kitabu hakuna hiyo misumari, na jitu linaongea, tena linaongea vizuri kuliko kila mtu mle ndani. Frankenstein ni jina la yule kijana aliyemuumba, kiumbe mwenyewe hana jina, muumba wake alimwangalia usoni akakimbia hata bila kumpa jina.

Kuna kipande katikati ambacho nimekirudia mara nyingi. Kiumbe amejificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini, anawachungulia kwenye ufa wa ukuta, na hapo ndo anajifunza lugha kwa kuwasikiliza tu. Maneno ya kwanza kuyashika ni moto, maziwa, mkate na kuni. Usiku wakilala anaenda kuwakatia kuni anawawekea mlangoni, na asubuhi wao wanashangaa nani kawasaidia. Anasubiri miezi. Yule mzee wa nyumba ni kipofu, kwahiyo kiumbe anapiga hesabu kwamba huyu ndo mtu pekee duniani asiyeweza kuogopa sura yake, anasubiri mpaka mzee abaki peke yake, anaingia, wanakaa wanaongea vizuri kabisa, mzee anamsikiliza kwa upole, na hapo hapo watoto wanarudi, kijana anachukua fimbo anaanza kumpiga, na yeye mwenye nguvu za kumrarua yule kijana vipande vipande anavumilia fimbo, hanyanyui mkono, anaondoka. Niambie hapo pana utabiri gani. Hapana, na ni kipande kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusoma kwenye sai-fai, mpya na ya zamani. Shelley hata hatuelezi yule kiumbe alitengenezwaje, mashine yenyewe kaipita haraka haraka, maana alijua sio inayotuumiza.

H.G. Wells naye nampenda, hasa kwa kuwa vitabu vyake ni vyembamba. Hili nalisema kwa moyo wote, riwaya za zamani nyingi zinaisha kwa jioni mbili, haziburuzi, hazikuachii sehemu ya kwanza kati ya tisa. The Time Machine ya 1895 inakupeleka mwaka 802,701, inakuonyesha binadamu wamegawanyika kuwa viumbe wa aina mbili, Waeloi wanaocheza juani na Wamorlock wanaoishi chini na mashine, na ukisoma unaelewa kwamba Wells anaongelea matajiri na wafanyakazi wa Uingereza ya siku zake, amewasukuma mbele tu kwa miaka laki nane ili tuwaone vizuri. Alafu kuna The War of the Worlds ya 1898, ambayo kila mtu anaijua kwa ile miguu mitatu ya mashine za Mirihi na wale wavamizi kuja kuuawa na vijidudu. Ila sura ya kwanza kabisa, kabla hata risasi haijalia, Wells anawaambia wasomaji wake Waingereza kwamba msiwahukumu hawa wa Mirihi kwa ukali, kumbukeni tulichowafanyia sisi wenyeji wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia. Aliandika kana kwamba Watasmania wamekwisha wote, na hapo alikosea kwa sababu vizazi vyao vipo mpaka leo, na lugha aliyowaelezea nayo ni mbaya, imejaa dharau ya wakati ule. Lakini wazo la kumchukua mkoloni na kumuweka yeye kwenye nafasi ya anayevamiwa, wakati dola lenyewe liko juu kabisa, lilihitaji ujasiri, na kwa mtu anayetoka upande uliovamiwa kile kitabu kinasomeka tofauti kabisa na anavyokisoma mwingine.

Sasa Asimov, na hapa najua nitagombana na watu. Foundation ilitoka kama kitabu 1951, ila hadithi zake zilianza kutoka kwenye jarida mwaka 1942. Wazo lake ni kubwa mno: mtaalamu Hari Seldon anapiga hesabu za watu kama halaiki na kugundua kwamba dola la galaksi nzima, lililodumu miaka 12,000, linaenda kuanguka, na baada yake zitafuata zama za giza za miaka 30,000, ila akipanga mambo mapema giza linaweza kupunguzwa likawa la miaka 1,000. Nilisoma hapo nikasisimka. Alafu kurasa zikaenda, zikaenda, na kilichokuwepo ni wanaume wamekaa ofisini wanavuta sigara kubwa na kubishana. Wanawake kwenye kitabu kile cha kwanza unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Mtu aliweza kufikiria sayari milioni 25 zenye watu na hakuweza kufikiria mwanamke kwenye kikao! Sikubali ile hoja ya kwamba ndo ulikuwa wakati wao, kwa sababu Mary Shelley aliandika zaidi ya miaka mia moja kabla yake.

Lakini nisimuonee. Kitabu cha pili, Foundation and Empire, cha 1952, ndo kimenifanya nimuheshimu (kama hujakisoma ruka hii aya). Hesabu za Seldon zinafanya kazi kwa umati tu, mtu mmoja mmoja hahesabiki, basi anatokea mtu mmoja, Mule, mwenye uwezo wa kugeuza hisia za watu, na mpango wote unayumba. Na anayemzuia ni mwanamke mmoja, Bayta, na sababu yenyewe ndo ilinifanya nikiweke kitabu chini kidogo: Mule hakuichezea akili ya Bayta kwa kuwa Bayta alimpenda mwenyewe bila kulazimishwa, hajawahi kupendwa hivyo na mtu, akashindwa kuigusa hiyo hisia. Miaka elfu ya hesabu imekwama kwenye jambo dogo namna hiyo.

Dune nilianza mara tatu ndo nikamaliza, na sina la kujitetea, mwanzo wake ni mzito, majina mengi. Mwaka 1965 ilipotoka, Frank Herbert alikuwa ameshakataliwa na wachapishaji zaidi ya 20, aliyeikubali alikuwa kampuni inayojulikana kwa vitabu vya ufundi wa magari. Ila nataka kusema kitu kimoja kwa sisi tunaosoma Kiswahili, maana sijaona mtu akikisema. Herbert alichota maneno mengi kutoka Kiarabu akaweka na faharasa nyuma ili msomaji wake asipotee, na sisi ile faharasa nusu yake hatuihitaji! Paul, kijana mhusika mkuu, anaitwa Lisan al-Gaib, na sisi tuna lisani na tuna ghaibu. Anapewa jina la Usul, maana yake kitako cha nguzo, na sisi tunasema usuli tukimaanisha asili na msingi wa jambo. Kuna Mahdi, kuna jihadi, kuna ghanima. Msomaji mwingine anaona maneno ya sayari ya mbali, mimi naona maneno niliyoyasikia tangu utoto, na ghafla watu wa jangwani wa sayari ya Arrakis wakawa karibu na mimi kuliko wale mabwana wa kwenye makasri. Mara ya tatu nilipoligundua hilo kitabu kikafunguka chenyewe.

Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, 1953, ndo wapenda utabiri wanaishangilia kuliko zote, kwa sababu mke wa Montag, mhusika mkuu ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu, analala na vijiredio vidogo masikioni usiku kucha na sebule yake ina kuta tatu za televisheni na anataka ya nne. Ni kweli inafanana na tunavyoishi. Ila kinachotisha mle ni maelezo ya Beatty, bosi wa wachoma vitabu, kwamba serikali haikuanza, watu wenyewe ndo waliacha kusoma kwanza, vitabu vikafupishwa, vikafupishwa tena, kila kundi likalalamika likafutiwa kilichowaudhi, na wachomaji wakaja mwishoni kumalizia tu. Na yule mke anameza vidonge mpaka karibu afe, asubuhi anaamka hakumbuki na anasema ana njaa. Vijiredio nimeshavizoea. Huyo mwanamke sijamzoea.

Ya kuliza, bila ubishi, ni Flowers for Algernon ya Daniel Keyes. Ilikuwa hadithi fupi 1959 ikawa riwaya 1966. Charlie Gordon ana akili nzito, anaandika ripoti zake mwenyewe kwa herufi zilizokosewa, anafanyiwa upasuaji uliofanyiwa kwanza panya aitwaye Algernon, anakuwa na akili kuwapita hao waliompasua, sentensi zinanyooka, alafu siku moja unaona kosa dogo la herufi limerudi, ukurasa unaofuata mawili, na unajua kabla yeye hajakuambia. Sijui mtu angeitafsirije kwa Kiswahili, maana sisi tunaandika kama tunavyotamka, makosa yake yangebidi yawe ya aina nyingine kabisa, labda kugawa maneno pasipogawika, labda r na l. Natamani mtu ajaribu.

Sasa hivi niko kwenye Solaris ya Stanisław Lem, 1961. Tafsiri ya Kiingereza niliyonayo haikutolewa kwenye Kipolandi, ilitolewa kwenye tafsiri ya Kifaransa, kwahiyo nasoma tafsiri ya tafsiri, na hata jina la mke wa mhusika mkuu, mwanasayansi Kelvin, limebadilishwa. Kuna sayari yenye bahari inayofikiri, na wanasayansi wameandika maktaba nzima kuihusu bila kuielewa. Niko pale Kelvin anaamka na kumkuta mkewe aliyekufa miaka mingi amekaa kwenye kiti mbele ya kitanda, anamwangalia. Ya bahari nimeshayasahau, nataka kujua atamwambia nini.